Mbwa Aliyekula Mivukuto

Ifakara, 2 Desemba 1907

Mvua ya kwanza ilinyesha jana jioni, na leo asubuhi mbwa amekula kubadhi langu la kulia. La kushoto amelilamba tu akaliacha, sijui kwa huruma au kwa shibe. Makubadhi yale niliyapata kwa mchuuzi aliyetoka Kilosa, ya kwanza kuvaa tangu vita, na nilikuwa nikiyavaa Ijumaa tu.

Nimeazimia kuandika mambo ya msimu huu wa mpunga mpaka mavuno, kwa sababu ni msimu wa kwanza tunaopanda mbegu ya kutosha tangu Wadachi walipochoma mashamba. Sikudhani jambo la kwanza la kuandika litakuwa mbwa.

Atakayesoma ajue kwamba mimi ni Sadallah, fundi cherehani, mzaliwa wa Kilwa. Nilikuja huku bara na msafara, nikamwoa Kadija, binti wa hapa, nikabaki. Tunakaa kiwanja kimoja na mama yake, na mbwa ni wa mama yake. Jina la mama huyo sitaliandika. Kwa watu wa bonde hili mkwe hatajwi jina, hatazamwi usoni, hasemeshwi, wala huli naye. Ndiyo heshima yao, nami niliipokea pamoja na mke.

Basi mimi na mkwe tunazungumzaje? Kwa mbwa. "Semeni," husema mkwe akiwa amegeukia ukuta, "mwambie mwenye cherehani paa linavuja upande wa kuku." Nami humjibu mbwa, "Semeni, mwambie mwenye nyumba nitapanda kesho." Mbwa hututikisia mkia sote wawili. Jina hilo alipewa kabla ya vita, mkwe akiwapasha majirani waliokuwa wakimsengenya. Watu wa huku humpa mbwa jina wanalotaka jirani alisikie kila siku.

Leo nimesema, "Semeni, mwambie mwenye nyumba mbwa wake ni mwizi."

Mkwe akamjibu mbwa, "Mwambie ajifunze kutundika vitu vyake juu."

5 Desemba

Mvua. Nimetundika vitu juu.

14 Desemba

Mkanda wa cherehani. Mkanda wa cherehani! Ule wa ngozi unaozungusha gurudumu, niliousafirisha kutoka pwani baada ya vita, nimeufunga kiunoni ili usiibiwe. Niliufungua kuupaka mafuta, nikaenda kujibu salamu ya mtu mlangoni, na niliporudi mbwa alikuwa ameukalia mkia wake akimeza kipande cha mwisho. Nilimkimbiza mpaka kwenye migomba nikiwa na rula ya kupimia nguo, nikateleza, nikaanguka kwenye tope mbele ya wanawake waliokuwa wakitoka mtoni.

Kadija alicheka mpaka akakaa chini. "Mume wangu, hata wewe ngozi unaijua utamu wake," akasema. Halafu ghafla akaziba mdomo kwa kiganja. Tukarudi ndani kila mtu na kazi yake.

Nimesokota kamba ya pamba, nimeipaka nta, nimeifunga pale pa mkanda. Inateleza lakini inashona.

20 Desemba

Kulima tu. Mgongo unauma.

3 Januari 1908

Tumemwaga mbegu katika shamba letu lililo upande wa Katindiuka. Kadija alitangulia na kikapu, mimi nikafuata na jembe kufukia, na mkwe alikuwa ng'ambo ya shamba kwa sababu ya mwiko wetu. Semeni alikuwa akienda kwake na kurudi kwangu kutwa, na ujumbe wa pande zote mbili.

Jembe nililotumia limetengenezwa na Mzee Melkiori, jirani yetu. Ni mhunzi pekee aliyebaki upande huu. Alibatizwa na mapadri huko milimani Mahenge kabla ya vita, na bado anavaa msalaba shingoni. Hasemi sana. Kila jembe linalolima hapa limepita kwenye moto wake, maana majembe ya zamani yameisha au yalichukuliwa, na vyuma vipya haviji. Anayaunga yaliyovunjika, anayachonga yaliyochakaa, na mpaka palizi iishe hapumziki.

11 Januari

Leo naandika kwa hasira na kwa haya.

Mzee Melkiori alikuwa ameipaka mivukuto yake mafuta ya mkia wa kondoo, akaianika juani nje ya kibanda cha uhunzi. Ni mifuko miwili ya ngozi ya mbuzi, ndiyo inayopulizia moto wake hewa. Bila hiyo mkaa hauivishi chuma. Semeni ameikuta. Mfuko mmoja ameumaliza wote, wa pili ameubakiza kipande kisichotosha kofia.

Mzee alikuja kwetu akiwa amebeba zile pua mbili za mti zilizokuwa zimefungwa kwenye mifuko. Hakupiga kelele. Aliziweka miguuni pangu.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Palizi ni mwezi ujao, Sadallah. Nina majembe ya watu kibanda kizima. Mbuzi wa kuchuna umewaona wapi siku hizi?"

Mbuzi waliisha na vita. Waliobaki wanahesabiwa kwa majina na hakuna anayechinja.

"Nitakushonea mifuko mingine," nikasema. "Ya turubai."

Alinitazama kama mtu anayeambiwa atapikiwa ugali wa mchanga, akaondoka. Mbwa alikuwa amelala uvunguni mwa ghala, tumbo limevimba. Nilitamani kumuua kwa mkono wangu mwenyewe, na naliandika hilo kwa sababu ni kweli.

13 Januari

Baraza kwa jumbe Haidari, aliyewekwa na boma baada ya vita. Ni mtu wa haki lakini mwoga wa minong'ono, na leo ilikuwa mingi.

Mambo hayakuanza na mivukuto. Mtu wa kwanza aliuliza kwa nini mbwa huyu hula ngozi tu, wala haibi kuku wala yai. Wa pili akajibu, "Aliionja wapi ngozi? Si kwenye vita? Wenzetu walilala maporini bila kuzikwa. Mbwa huyu alionja watu." Kila nyumba hapa ina mtu ambaye kaburi lake halijulikani. Mama mmoja alianza kulia, na baada ya hapo hapakuwa na wa kumtetea mbwa.

"Ni ya kweli hayo?" jumbe akaniuliza.

"Sikumwona akionja mtu," nikasema. Ndilo nililosema, basi. Mkwe alikuwa ameketi upande wa wanawake, amejifunika kaniki mpaka machoni.

Wakakata shauri: auawe. Mtu mmoja alikwisha kuinuka kutafuta rungu. Ndipo Mzee Melkiori, yeye mwenyewe aliyedhulumiwa, akasema, "Ngojeni. Mbwa wengine wote walikufa kwa njaa, au wakaliwa. Mnataka nguruwe wavune mpunga wenu? Alinde mashamba. Siku suke la mwisho litakapokatwa, tutamaliza kazi hiyo."

Hivyo ndivyo ilivyokubaliwa. Semeni ana maisha mpaka mavuno yaishe. Amekuja nami nyumbani anarukaruka njia nzima.

19 Januari

Nimeshona mifuko ya mivukuto kwa turubai la hema la zamani, mikunjo mitatu, mishono miwiliwili, nikaipaka nta na utomvu. Mzee Melkiori ameijaribu. Inavuja kidogo kwenye kona, lakini moto uliwaka na chuma kikawa chekundu. Akasema, "Inapumua kama mzee mwenzangu." Kwake yeye hiyo ni sifa kubwa.

2 Februari

Palizi. Majembe yametosha. Alhamdulillahi.

10 Februari

Tumehamia shambani. Mimi na Kadija tuna dungu letu la miti, tumeliinua juu ya maji na nyoka, na mkwe ana lake hatua chache upande wa mto. Watu wote wa bonde wanaishi hivi sasa, kila familia juu ya miguu yake minne, wakiitana kutoka dungu hadi dungu. Napenda maisha haya kuliko nilivyotarajia, ila mbu.

16 Februari

Semeni amekula ala ya kisu changu. Kisu chenyewe amekiacha. Namshukuru.

27 Februari

Leo jioni nguruwe waliingia shamba la jirani, kundi zima, na dume lao lina meno ya kutisha. Semeni alishuka kabla ya mtu yeyote kusikia. Aliwazungusha, akawatoa kwenye mpunga, akawasukuma mpaka matetani, akarudi amechanwa begani. Mkwe alimwosha kidonda kwa maji ya moto.

Kisha akamwambia, "Semeni, mwambie mwenye cherehani alete sindano."

Nilileta. Nilimshona mbwa kwa uzi wa kanzu. Mkwe alikuwa ameshika kichwa chake na mimi nimeshika bega, tumegeuziana visogo, tukifanya kazi kwa kupapasa. Mbwa hakuniuma. Mbwa ni najisi kwa dini yangu, na nimenawa kama inavyotakiwa, na udongo juu yake, lakini sijutii.

12 Machi

Mto umefurika. Mpunga umesimama ndani ya maji mpaka magotini na unazidi kurefuka. Kadija anasema hajauona mpunga wa hivi tangu utoto wake.

24 Machi

Mvua, mvua, mvua. Aisifuye imemnyea. Semeni anaogelea kutoka dungu hadi dungu na kila nyumba humtupia kitu. Watu walewale waliotaka afe humpa makombo na kumwita kwa jina. Lakini nilipomuuliza mmoja wao kama amebadili nia, alitazama chini. "Anafanya kazi vizuri," akasema. "Ila waliolala maporini, fundi. Kaka yangu yuko huko."

9 Aprili

Najua kwa nini Semeni hula ngozi. Nimelijua tangu siku ya kwanza na sijaliandika. Leo naliandika, maana mpunga umeanza kuchanua na siku zake zinakwisha.

Mwaka ule wa njaa tulikimbilia kichaka kilicho upande wa pili wa mto: mimi, Kadija, mama yake na mbwa. Askari walikuwa wamechoma maghala, mashamba yalikuwa majivu. Tulikula mizizi, majani, wadudu. Mizizi ilipoisha mkwe aliitoa ngozi ya mbuzi aliyokuwa akiilalia, akaikata vipande, akaikwangua manyoya, akaichemsha tangu asubuhi mpaka jua likazama. Tulikuwa na chungu kimoja tu. Hapakuwa na sahani wala kipande cha kibuyu.

Tulikula pamoja. Mkwe na mkwewe, mkono wake na wangu ndani ya chungu kimoja. Yeye alijaribu kula amegeuza uso, akashindwa, maana alikuwa dhaifu na akidondosha. Mwishowe nilimlisha. Baada ya ngozi ile tulikula mkoba wangu, kisha viatu vyangu, kisha mkanda wa zamani wa cherehani. Kila mara tulimpa Semeni mchuzi na vipande tulivyoshindwa kutafuna. Alikuwa mbwa mchanga. Alijifunza kwamba ngozi ni chakula kwa sababu aliona watu wake wakiila na kumpa kwa mkono. Mwenye njaa hana mwiko, husema watu, lakini njaa ilipokwisha mwiko ulirudi ukiwa mkali kuliko mwanzo. Mkwe hakunigeukia tena uso wake. Hatujalitaja kamwe, hata kwa mbwa.

Nikilisema barazani nitamwokoa Semeni. Lakini nitakuwa nimemvua nguo mama mtu mzima mbele ya kijiji chake. Kwa watu hawa hilo si aibu ya siku moja. Si siri yangu peke yangu ya kutoa. Nimemwomba Mungu anionyeshe njia na sijaiona.

10 Aprili

Jua. Nimeshona kanzu ya mtu.

3 Mei

Mpunga umeinamisha vichwa. Ndege wamekuja mawingu kwa mawingu na kazi ni kuamia tangu alfajiri, tukipiga makopo na kurusha udongo kwa teo. Sauti imenikauka. Semeni anakimbia kwenye matuta akibweka mpaka naye sauti inamkauka. Ningekuwa mtu wa kucheka ningecheka, lakini kila kona ya shamba inayoiva hunikumbusha.

15 Mei

Tumeanza kuvuna. Mavuno mema. Mavuno mema sana. Wanawake wanaimba toka shamba hadi shamba, nyimbo za kazi ambazo sijazisikia tangu kabla ya vita. Kadija amenenepa mashavu. Nilipomwambia, alinipiga bega.

21 Mei

Kadija alitoa shauri la kumhamisha Semeni kabla ya siku yake, tumpeleke Kiberege kwa shangazi yake. Alisema kwa sauti ili mama yake asikie.

Mkwe aliendelea kupepeta. Kisha akasema, "Semeni, mwambie mwenye cherehani na mkewe, aliyekimbia amekubali kosa. Hapana. Nyumba hii haina kosa."

Sikumwelewa. Nilidhani ni kiburi cha mtu mzima, nikakasirika. Nikasema na mbwa maneno ambayo hayafai kuandikwa, nikaenda kuvuna peke yangu mpaka jua lilipozama.

30 Mei

Shamba la mwisho lilikuwa letu, kwa sababu liko bondeni zaidi na maji yalichelewa kukauka. Watu walikuja kusaidia tangu asubuhi, wengi kuliko ilivyohitajika. Nilijua wamekuja kwa nini. Suke la mwisho alilikata Kadija. Alilishika kifuani, akakataa kuliweka kwenye kikapu, kana kwamba asipoliweka mavuno hayajaisha.

Jumbe Haidari alisimama kwenye kivuli cha dungu. "Haya," akasema, bila kumtazama mtu. "Tulikata shauri." Mzee Melkiori alikuwa na rungu. Yeye ndiye aliyepewa kazi hiyo kwa kuwa ndiye aliyedhulumiwa, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeumwa. Semeni alimwendea akitikisa mkia, maana mzee huyo alimlisha kipindi chote cha mafuriko.

Nikafungua mdomo. Sijui ningesema nini. Nilikuwa nimeapa moyoni nisiseme, na mdomo wangu ulikuwa wazi.

"Semeni," ikasema sauti ya mkwe.

Mbwa akageuka. Mkwe alikuwa amekuja mbele ya wanaume, kaniki imeshuka mabegani, kichwa wazi. Alimtazama mbwa kitambo. Kisha akaniinulia uso, mimi, akanitazama machoni. Watu wakaguna. Wanawake wawili wakajifunika macho.

"Sadallah," akasema. Sikuwahi kulisikia jina langu kinywani mwake. "Mwaka ule, kule kichakani. Tulikula nini?"

"Ngozi, mama."

"Vyungu vingapi?"

"Kimoja, mama."

"Niliposhindwa kufikisha mkono mdomoni, nani alinilisha?"

"Mimi."

"Na mbwa tulimpa nini?"

"Ngozi. Tulimpa kwa mikono yetu."

Akawageukia wote. "Basi mmesikia. Mbwa huyu hakuonja mtu. Alikula pamoja na mimi na mkwe wangu, na alichokula nilikipika mimi. Nimekaa kimya miezi yote hii kwa aibu, nikamwachia mnyama abebe. Leo nimechoka nayo. Anayetaka kusema, aseme. Ndilo jina nililompa."

Nilisimama karibu naye, kwa mara ya kwanza bila kugeuka, nikingoja kicheko au tusi. Moyoni nilijua kwamba atakayemtusi atapambana nami, fundi cherehani mwenye mgongo mbovu.

Mzee Melkiori aliliweka rungu chini polepole. Alijifuta uso kwa kiganja.

"Ile mivukuto aliyokula mbwa," akasema, "ilikuwa mipya. Niliichuna kwa mbuzi wa kwanza niliyepata baada ya vita." Akagusa msalaba wake. "Ile ya zamani niliichemsha. Mimi na watoto. Tuliila siku nne, na mimi ni mhunzi, na baba yangu alikuwa mhunzi kwa mivukuto ileile. Sikumwambia hata padri."

Mama mmoja upande wa wanawake akasema, "Sisi tulikula ngoma ya harusi yangu."

Mwingine, "Sisi ngao ya marehemu."

Jumbe Haidari alikohoa. "Tandiko la punda," akasema, na punda wa jumbe watu walimkumbuka vizuri, na jinsi jumbe alivyokuwa akijivunia tandiko lile. Mtu akacheka. Kisha wote wakacheka, na wengi walikuwa wakilia wakati huohuo, na mimi mmoja wao, wala sioni haya kuliandika. Kila mtu alikuwa na ngozi yake. Watu walitajiana vitu walivyokula kama wanaotajiana majina ya ndugu waliopotezana njiani.

Aliyempoteza kaka maporini alimwendea Semeni, akachuchumaa, akamshika masikio. Kadija akaliweka suke la mwisho kwenye kikapu.

31 Mei

Nimelala mpaka jua limepanda. Mbwa amelala mlangoni.

2 Juni

Mpunga mpya umetwangwa jana na leo Kadija ameupika. Harufu yake ilitoka nje mpaka njiani, na wapita njia walisimama wakasalimu bila sababu.

Niliketi barazani kama kawaida, nikingoja Kadija aniletee sahani yangu huku nje, kwa maana ndani mama yake alikuwa amekwisha kutandika mkeka. Nilijua yaliyosemwa shambani, lakini kusema shambani ni jambo moja na kula nyumbani ni jingine, na sikutaka kujichukulia nisichopewa. Nikanawa mikono. Nikangoja. Nikanawa tena.

"Sadallah!" mama aliita toka ndani, kwa sauti ambayo nyumba tatu zilisikia. "Unangoja nani? Ingia ule, wali unapoa."

Nikaingia.